Madirisha Yote Yalihamia Kulia

Lilihama basi moja.

Siyo barabarani. Barabarani mabasi kuhama ndiyo kazi yake. Hili lilihama kwenye skrini. Lilitoka upande wa kushoto wa meza ya mume wangu likaja kufunguka upande wa kulia, na mtu wa kuligusa hakuna.

Kesho yake yakahama mawili.

Nikasema labda macho yangu. Mtu unalea, unafanya kazi ya zamu, macho yakikudanganya unayasamehe tu.

Lakini wiki ilipoisha, skrini ya kushoto kabisa ilikuwa imebaki na dirisha moja peke yake, limejibana kwenye kona kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

Hapo nikajua kuna jambo.

Sasa ngojeni niwaeleze kazi yenyewe, tusije tukaachana njiani.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunafanya kazi kwenye kampuni ya mabasi ya masafa marefu. Siyo udereva, wala siyo kukata tiketi. Tulikuwa chumba cha kufuatilia. Kila basi lina kamera mbili, moja inaangalia barabara, nyingine inamwangalia dereva usoni. Picha zinakuja ofisini kwa mtandao, zinafunguka kwenye brauza, kila basi na dirisha lake.

Dereva akisinzia, akishika simu, au akikimbiza gari kama anafukuzwa na nyuki, dirisha lake linazungukwa na rangi nyekundu na king'ora kinalia. Hapo mwenzetu wa mawasiliano anamwita.

Huyo mwenzetu tulimwita Redio. Kwanza kwa kazi yake. Pili kwa sababu alikuwa hazimiki.

Mume wangu yeye walimwita Mpangaji.

Jina lilikuja hivi. Zamani kila asubuhi tulikuwa tunaburuta madirisha kwa kipanya, moja baada ya jingine, kuyasambaza kwenye skrini saba zilizopangwa mstari mmoja juu ya meza ndefu. Ni michosho. Unaweka hili, linafunika lile. Basi linasafiri na abiria wake wote, nyinyi ofisini hamlioni.

Kuna siku skrini moja ilikufa, fundi akaiondoa. Kompyuta haikuwa na habari. Ikaendelea kufungua dirisha la basi palepale skrini ilipokuwa zamani. Dirisha liko wazi, dereva yuko ndani yake, lakini limefungukia hewani. Tulikuja kugundua mchana, na ni Mungu tu.

Mume wangu alikasirika sana siku ile. Akakaa chini akaandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Asubuhi unabofya kitufe kimoja. Inahesabu kwanza skrini zilizopo, kisha inafungua madirisha yote na kila moja linakwenda mahali pake. Basi hili, hatua kadhaa kutoka kushoto. Lile, kadhaa kutoka juu. Upana huu, urefu huu.

Yalikuwa yanajipanga kama wanafunzi wakisikia kengele.

Redio akamwambia, "Bwana, wewe ndiyo mpangaji humu ndani."

Mume wangu akamjibu, "Mpangaji ni wewe, unayejificha chooni mwenye nyumba akipita."

Tulicheka mpaka Meneja akachungulia. Jina likaganda.

Kwa hiyo madirisha yalipoanza kuhama, sikuhitaji mganga. Namba zile alikuwa anazigusa mtu mmoja tu.

Nikamuuliza. "Baba Kadogo, mbona mabasi ya kaskazini umeyaleta huku?"

Kadogo ndiye binti yetu. Alikuwa ameanza shule mwaka ule.

"Najaribu kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Mpangilio mpya. Wewe acha tu."

"Acha tu" ya mume wangu nilikuwa naijua. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Kwenye ile meza, skrini tano za kushoto zilikuwa zake na mbili za mwisho kulia zilikuwa zangu. Mimi nilikuwa na mabasi ya safari fupi. Sasa yale yake yakawa yanasogea, yanasogea, mpaka yakavuka mpaka yakaingia kwangu. Asubuhi moja nabofya, naona mabasi ambayo siyajui, madereva ambao sijawahi kuwatazama usoni.

"Umeniona mimi punda?"

"Jicho lako kali kuliko langu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Aligeuka akaendelea na skrini zake, na mimi nikanuna hadi saa ya kutoka.

Na nyumbani nako kukawa kuna mambo.

Nampakulia chakula, anakula nusu. Si nusu ya kupunguza huku na huku, hapana. Nusu ya sahani! Upande wa kulia umesafishwa unang'aa, upande wa kushoto wali na mboga viko kama vilivyotoka jikoni. Ungesema mtu kapiga mstari katikati kwa rula.

"Chakula hakina chumvi?"

"Kitamu. Nimeshiba."

Jioni moja Kadogo kwa utundu wake akaizungusha sahani ya baba yake. Mume wangu akatazama chini, akashtuka.

"Kumbe bado kipo," akasema. Akala mpaka kikaisha.

Kadogo alicheka sana. Mimi nilidhani anamchezea mtoto.

Kuna asubuhi alitoka bafuni amenyoa ndevu shavu moja. Nikamwambia rudi umalizie, watu watasema umefukuzwa. Akajishika lile shavu la kushoto, akalipapasa taratibu, akarudi bafuni.

Bega lake la kushoto lilikuwa na alama. Kila nikiuliza, ananiambia, "Mlango umenivamia."

Na kubwa kuliko yote, alinihamisha.

Toka tunachumbiana mimi nilikuwa natembea kushoto kwake. Hatukuwahi kukubaliana, ndivyo ilivyotokea tu. Siku hiyo tunatoka kazini akanishika mkono, akanivusha, akaniweka kulia. "Kaa huku." Usiku akaomba tubadilishane upande wa kitanda. Mezani akahamisha kiti changu.

Mwanamke ukihamishwa kitandani mwako mwenyewe, moyo hautulii.

Nikamwambia Redio. Kosa la jinai hilo, kumwambia Redio jambo, lakini ndiye rafiki wa mume wangu, na kila Alhamisi mchana walikuwa wanatoka pamoja, wanasema wanaenda kuangalia vifaa.

Redio akanitazama. Akacheka kicheko kimoja kikavu.

"Shemeji, mwanaume akikuhamisha upande, ujue ule mwingine una mtu. Mbane."

"Unajua kitu wewe?"

"Mimi sijui kitu. Nimesema mbane. Mbane mpaka aseme."

Nikambana. Nilimsubiri Kadogo akatoka kwenda kucheza kwa jirani, nikamuuliza waziwazi, "Una mwanamke?"

Mume wangu akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Ninaye," akasema. "Ndiye huyu ananiuliza."

Akaamka kwenda kunawa uso, na njiani akagonga kiti. Nami mjinga wa mapenzi nikaona amenikwepa.

Basi tukaishi hivyo. Kazini ananirundikia mabasi, nyumbani nampa mgongo.

Halafu Meneja akaja na habari kwamba wenye kampuni wanapita kukagua. Akaingia chumbani kwetu, akaangalia ile meza. Skrini mbili za kushoto nyeusi tii. Za katikati zina madirisha machache. Za kulia yamebanana hadi sura za madereva hazitambuliki.

"Hizi za huku ni za maonyesho?"

"Ni mpangilio mpya, bosi," mume wangu akasema.

"Mpangilio gani huu? Chumba kimeegemea upande mmoja kama lori lililopakiwa vibaya. Kesho asubuhi nataka ule wa zamani."

Mume wangu akainama kuchezea kipanya. Meneja akamgeukia mwingine.

"Redio, wewe si unajua pa kubadilisha? Utafanya wewe."

Redio akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama sakafu.

"Sawa, bosi."

Asubuhi iliyofuata mume wangu alimpitisha Kadogo shule, mimi nikatangulia kazini. Nilipoingia, Redio alikuwa ameshabofya. Madirisha yote yalikuwa mahali pake pa zamani. Skrini saba, zote zinawaka, mabasi yametandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Nikiri kitu, niliona raha. Nikasema sasa tutapumua.

Redio hakuniamkia. Alikuwa amekaa na kipaza sauti mkononi, mgongo wima.

Mume wangu akaingia, akaweka chai yake mezani, akakaa. Akatazama mbele kidogo.

"Redio, mbona hujawasha? Hizi za kushoto bado zimezimwa."

Nikazitazama. Zilikuwa zinawaka kama duka la vioo.

"Acha utani wako asubuhi," nikamwambia.

Na hapohapo king'ora kikalia.

Skrini ya kushoto kabisa, dirisha la juu, nyekundu. Dereva kidevu kimeanguka kifuani. Mikono imelegea kwenye usukani. Kwenye kamera ya mbele barabara inakwenda, ile mistari myeupe inaanza kuinama, basi linatoka.

Mume wangu alisimama. Macho yake yakakimbia huku, yakakimbia kule, lakini yote ni kulia. Anatafuta kwenye skrini zangu. Anatafuta kwenye skrini ya katikati.

"Yupi? Ni yupi? Jamani ni yupi?"

Nyekundu ilikuwa inawaka karibu na kiwiko chake.

Kabla mimi sijafungua kinywa, Redio alikuwa ameshaita. Alimwita dereva kwa jina lake na la mama yake mzazi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Amka! Amka! Shika usukani! Pembeni, pembeni!"

Kichwa cha dereva kikaruka juu. Vumbi likajaa kwenye kamera. Basi likayumba, likapanda tuta la pembeni, likasimama.

Kwenye spika tukasikia mtoto analia ndani ya basi, na abiria wanamtukana dereva. Mtu akitukana ujue mzima. Hakuna aliyeumia.

Redio akaweka kipaza sauti chini.

Na mume wangu bado alikuwa amesimama, bado anatafuta. "Niambieni ni basi gani. Mbona hamniambii?"

Sauti ile ndugu zangu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepotea sokoni mchana kweupe.

Nikaondoka kwenye kiti changu, nikamzunguka kwa nyuma, nikaenda kusimama kushoto kwake. Karibu kabisa. Hakugeuka. Nilikuwa nimesimama pale, nguo zangu zinamgusa karibu, na yeye anaendelea kuangaza macho kulia kama vile upande wangu ni ukuta.

Nikamwekea mkono begani.

Aliruka kama kaungua.

"Mama Kadogo? Umetokea wapi?"

Vitu vilikuwa vinaanguka kichwani mwangu kimoja kimoja. Sahani. Shavu. Mlango. Kitanda.

"Hunioni," nikasema.

Akageuza shingo yote, mpaka akanipata.

"Huku sioni," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu basi la kwanza."

Tulikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, pale watu wanapokwenda kuvutia sigara. Alinikalisha kulia kwake. Akaniambia yote huku anachezea kifungo cha shati.

Kulikuwa na uvimbe kichwani. Ulianza kumla macho kwa kushoto, kidogo kidogo, kama pazia linalovutwa. Daktari alishampiga picha. Alishamwambia kuna upasuaji, na kwamba upasuaji wenyewe nao una yake: anaweza kuamka hajui kuongea, anaweza asiamke.

"Na ukakaa na hilo peke yako?"

"Kila jioni nilikuwa napanga kukwambia. Halafu Kadogo analeta michoro yake, au wewe unacheka jambo, nasema kesho."

"Kesho!"

"Niliogopa, mke wangu. Sina maneno mengine. Niliogopa."

"Na mabasi? Ulikuwa unayasogeza ili uyaone."

"Kila nilipopoteza kipande, niliyatoa pale nikayaleta ninapoona. Yakijaa, nakupa wewe. Nisingeacha basi la watu mahali ambapo silioni."

Halafu nikauliza lile lililokuwa linaniuma kuliko mabasi.

"Na mimi je? Kitandani? Njiani?"

Akanitazama.

"Ulikuwa kushoto," akasema. "Nikigeuka nakuta nusu yako haipo. Kesho yake hata hiyo nusu haipo. Ulikuwa unaondoka, Mama Kadogo. Nikakuleta huku."

Nililia pale kwenye ngazi hadi mama wa usafi aliyekuwa anashuka na ndoo yake akasimama, akageuka, akapanda tena kwa kunyata.

Sikwenda tena kazini kwa muda mrefu.

Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, mpole, asiyezunguka maneno. Alisema uvimbe uko upande wa kulia wa ubongo, ndiyo maana unachukua kushoto. Walimpasua. Walitoa walichoweza. Kingine, alisema, kiko mahali ambapo ukikigusa unamtoa na mtu mwenyewe.

Aliamka. Alinijua. Alimjua Kadogo, akamuuliza habari za mwalimu wake. Nikasema Mungu mkubwa.

Lakini siku zilivyokwenda likaja jambo jipya. Nilimkuta anausukuma mkono wake wa kushoto, anajaribu kuutoa kitandani.

"Huu mkono wa nani?" akaniuliza.

"Wako."

"Wangu huu hapa," akanionyesha wa kulia. "Mwambie mwenyewe aje auchukue, unanizidi uzito."

Nikatoka nje nikamfuata daktari. Akanishika mkono.

"Mama, kabla ya hapa alikuwa haoni kushoto, na alikuwa anajua kwamba haoni, japo mara nyingine alikuwa anasahau. Sasa hivi kwake yeye kushoto hakuna. Ukisimama upande ule hata ukiongea, anaweza asikupate kabisa. Hajakataa. Kwake haupo."

Sasa nisikilizeni hapa.

Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatuongei. Siku mwanawe alipompelekea habari zangu, yule mama alisema, "Ukimwoa huyo, usinitafute." Mume wangu akanioa, na hakumtafuta. Yule mama alikuwa hajawahi kumbeba Kadogo. Sikuwahi kumsema vibaya mbele ya mume wangu, lakini moyoni nilikuwa nimemtengea mahali pake, na si pazuri.

Nilimtumia ujumbe kwamba mwanawe anaumwa. Ilibidi.

Alifika hospitali asubuhi, mimi nimekwenda kumchukua Kadogo. Wodi ile kitanda cha mume wangu kilikuwa kimebandikwa ukutani kwa upande wa kulia. Kiti cha wageni kilikuwa kushoto, ndiko kwenye nafasi. Mimi nilikuwa nimezoea, nikija napanda kitandani nakaa kule ukutani. Yeye nani angemwambia? Akakaa kwenye kiti.

Alikaa pale mpaka jua likageuka.

Tuliporudi nilimkuta ukumbini, kwenye benchi, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Mama aliyekuwa anatembea kama ana fimbo mgongoni, amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Nilimwamkia. Alinitazama.

"Amenisusa," akasema.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Nimemwita. Nimemwita jina lake la utotoni, lile ambalo hata wewe hulijui. Ananipa kisogo, anatazama ukuta. Mchana kutwa ananipa kisogo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni haki yake. Mimi ndiye niliyemwambia asinitafute. Ameshika neno langu."

Nimewaambia nilikuwa na kitu moyoni juu ya mama huyu. Na hapo ukumbini kilikuwepo bado, sitawadanganya. Kuna sauti ilisema mwache anywe alichokoroga.

Lakini Kadogo alikuwa ameshamshika yule bibi kidole, bila kujua ni nani, kwa sababu tu alimwona analia.

"Mama," nikasema, "hebu twende."

"Nisimsumbue."

"Twende. Umekaa mahali pabaya."

Nikamwita mhudumu wa wodi, tukashika kitanda mimi na yeye, tukakivuta kutoka ukutani. Kilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Tukaacha njia nyembamba, ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Nikamshika mama mkwe mkono, nikampitisha mguuni pa kitanda, nikamwingiza kule.

Mume wangu alikuwa anatazama ukuta. Mama yake akajitokeza palepale alipokuwa anatazama.

Uso wake! Ungeona uso wake.

"Ee! Mama!" akasema, ulimi mzito lakini furaha tupu. "Umefika saa ngapi?"

Yule mama akashika ukuta. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile tangu asubuhi. Alikuwa ameita mpaka sauti imekauka.

"Sasa hivi, baba," akasema. "Ndiyo nimefika sasa hivi."

"Mbona umechelewa?"

"Njia ilikuwa mbaya, mwanangu."

Mume wangu akainua mkono wake wa kulia, akamgusa shavu. Mama akaukumbatia ule mkono kwa mikono yote miwili, akauinamia. Mimi nikamchukua Kadogo, tukaenda kutazama maua ya hospitali.

Hakukaa sana baada ya hapo. Aliondoka mchana mmoja, mvua ndogo inanyesha, wengine wanapelekewa chakula chao. Mimi na mama yake tulikuwa wote tumejibana kwenye ile njia nyembamba, bega kwa bega. Kushoto kwake hakukuwa na mtu. Kiti kilikuwa kitupu.

Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Nilikuta skrini zile saba, madirisha yamerundikana kulia; Redio alikuwa ameyarudisha siku ileile ya king'ora, kama mume wangu alivyokuwa ameyapanga. Hakuna aliyethubutu kuyagusa tena, hata Meneja alikuwa anapita mlangoni akitazama viatu vyake.

Redio akavuta kiti akakaa karibu yangu. Alikuwa amekonda.

"Shemeji, nina jambo. Ukinipiga, nipige."

"Sema."

"Zile Alhamisi. Hatukuwa tunaenda kuangalia vifaa. Nilikuwa nampeleka hospitali."

Nikamgeukia.

"Alinijia mwanzoni kabisa," akasema. "Aliogopa kuvuka barabara peke yake, magari ya kushoto hayaoni. Akaniapisha nisikwambie. Nikaapa kwamba sitafungua mdomo. Mimi! Wanaoniita Redio!"

"Na ile habari ya mwanamke?"

"Nilikuwa nakuchochea. Nilisema ukimbana vizuri atasema mwenyewe, kiapo changu kitabaki salama. Hukumbana vizuri, shemeji."

Tukajikuta tunacheka, kicheko chenye machozi.

Halafu akaacha kucheka.

"Siku Meneja aliponiambia nirudishe madirisha, sikulala. Nikasema, mimi niliapa kuhusu mdomo. Sikuapa kuhusu madirisha." Akashusha sauti. "Niliyarudisha nikijua hataona. Nikafika mapema, nikakaa na kipaza sauti mkononi, macho yangu yote kwenye skrini zile mbili, ili lisitokee la kutokea. Yule dereva kusinzia sikupanga, ni Mungu. Mimi nilitaka tu akae, aseme jambo, wewe usikie. Nilimvua nguo rafiki yangu mbele ya watu. Kila nikikumbuka alivyokuwa anauliza ni yupi, ni yupi..."

Yule mtu wa kelele alikuwa ameinamia meza, mabega yanamcheza.

Sasa nikajua kwa nini asubuhi ile hakuniamkia. Na kwa nini alimwita dereva kabla mimi sijafungua kinywa.

Nikatafuta la kumwambia. Likaja lenyewe.

"Redio," nikasema, "usingefanya vile, ningemzika nikiwa nimenuna."

Sijawahi kusema kitu cha kweli kuliko hicho. Nilipata miezi ya kuwa naye. Ilikuwa michungu, lakini nilikuwa namjua ninayemuuguza. Nilikuwa nimekaa anaponiona.

Halafu akanionyesha zile namba kwenye skripti, dirisha moja baada ya jingine, nikazibadilisha mwenyewe. Nilipobofya, mabasi yakasambaa tena hadi kushoto kabisa. Nilikalia kiti chake, na hadi leo ndicho ninachokalia.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtu wa mawaidha. Nasema hili moja. Mtu wako akikupa kisogo, usikimbilie kununa. Zunguka kwanza. Nenda mpaka upande anaotazama, usimame pale, ndiyo umuulize. Huenda hajakukataa. Huenda hakuoni, na anaona haya kusema.

Na wewe unayebeba jambo peke yako ukidhani unatulinda, hutulindi. Unatuacha tukukasirikie wakati tungekuwa tunakushika mkono.

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya matanga. Alikuja na kibegi cha nguo mbili.

Mpaka leo hajaondoka, na mimi sijamuuliza.